Mashine na Wino Wake

Katika chuo cha ualimu nilichokiongoza palikuwa na chumba kimoja kidogo, karibu na stoo ya chaki, ambacho hakikuisha harufu ya wino mwaka mzima. Humo ndimo ilimokaa mashine yetu ya kurudufu. Mitihani, ratiba za mazoezi ya kufundisha, hata nyimbo za kwaya ya chuo, vyote vilipita humo. Karani alipiga chapa kwenye stensili, stensili ikafungwa kwenye pipa la mashine, mpini ukazungushwa, na karatasi zikatoka moja baada ya nyingine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa zilipoadimika nchini, stensili zetu ziliisha wiki mbili kabla ya mtihani wa muhula. Nilizunguka mjini hadi nikapata pakiti moja ya kampuni nyingine. Nilirudi nayo kwa furaha, lakini karani alipoishika tu alitikisa kichwa. "Mkuu, hizi haziingii." Matundu ya kwenye kichwa cha stensili hayakulingana na meno ya mashine yetu. Nta ilikuwa ile ile na ukubwa ule ule. Tofauti ilikuwa matundu tu. Karani yule alikuwa amenizidi umri, nami nilimwita Mzee. Hakukata tamaa. Alichukua kichwa cha stensili kuukuu, akakilaza juu ya ile mpya, akatoboa matundu mengine kwa ncha ya bikari. Mtihani ulifanyika kwa siku yake.

Wakati ule nilidhani ile ilikuwa shida ya nchi maskini tu. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimestaafu na nina nafasi ya kusoma nipendavyo, niligundua kwamba matundu yale yana historia ndefu, na kwamba mashine ya kurudufu yenyewe iliwahi kupelekwa mahakamani kwa sababu ya jambo hilo hilo.

Huko Chicago, Marekani, palikuwa na kampuni ya A.B. Dick, iliyoanza kuuza mashine za kurudufu mwaka 1887 kwa kutumia hataza za Thomas Edison. Kampuni hiyo iliuza mashine kwa bei ya gharama, au hata chini yake, kwa kuwa faida yake ilitoka kwenye stensili, karatasi na wino. Kwa hiyo ilibandika kwenye kila mashine tangazo kwamba mnunuzi anaruhusiwa kuitumia kwa vifaa vya kampuni ile tu. Bibi mmoja wa New York aliyekuwa na mashine hiyo akauziwa kopo la wino na mfanyabiashara aliyeitwa Henry. Kampuni ikashtaki. Kesi ilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwezi Machi 1912 majaji wanne dhidi ya watatu waliipa kampuni ushindi. Hoja yao ilikuwa kwamba mwenye hataza angeweza kukataa kabisa kuuza mashine yake. Basi akiamua kuiuza, anaweza kuiuza kwa masharti.

Msomaji, tazama hoja hiyo ilivyo tamu masikioni. Lakini ukiifuata hadi mwisho, mwenye kuuza jiko atakuchagulia mkaa, na mwenye kuuza jembe atakuchagulia mbegu. Wamarekani wenyewe waliona hatari hiyo. Mwaka 1914 Bunge lao lilipitisha Sheria ya Clayton, ambayo kifungu chake cha tatu kilikataza kuuza au kukodisha bidhaa kwa sharti la kutonunua kwa washindani, pale ambapo sharti hilo linadhoofisha ushindani. Mwaka 1917 Mahakama ile ile ilipata kesi ya mashine za kuonyeshea sinema zilizobandikwa sharti la kuonyesha filamu zilizoidhinishwa tu. Safari hii ilikataa, na ikaitangua hukumu yake ya 1912. Wino ulikuwa umeachwa huru baada ya miaka mitano.

Kisha ikaja kesi ninayoipenda kuliko zote, ya mwaka 1936. Kampuni ya IBM ilikuwa ikikodisha mashine za kuchambulia hesabu zilizosoma kadi zenye matundu. Matundu tena! Mkataba ulimtaka mpangaji atumie kadi za IBM peke yake, na kampuni iliuza kadi hizo kwa mabilioni kila mwaka. Mahakamani IBM ilijitetea kwa hoja ya usalama. Ilisema kadi lazima iwe na unene sahihi na isiwe na madoa yanayopitisha umeme, la sivyo mashine itatoa hesabu za uongo na jina la kampuni litaharibika. Hoja hiyo haikuwa upuuzi. Lakini ilibainika kwamba Serikali ya Marekani ilikuwa imeruhusiwa kutumia kadi zake yenyewe kwa kulipa kodi ya juu zaidi, na mashine hazikuharibika. Majaji walisema kampuni ina haki ya kuzisifu kadi zake, kuwaonya wateja juu ya kadi mbovu, hata kuwataka watumie kadi zenye vipimo vinavyofaa. Haina haki ya kusema vipimo hivyo vinapatikana dukani kwake tu. Kwa maneno mengine, onya, lakini usifunge.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya mkasa ulionipata mimi mwenyewe uzeeni.

Nilipostaafu nilijipa kazi ya kukusanya kumbukumbu za chuo chetu. Zilikuwepo picha za mahafali, madaftari ya majina, na juu ya yote kaseti nilizowarekodi walimu wakongwe wakisimulia walivyoanza kufundisha, wengine chini ya miembe. Kaseti zilikuwa zinaota ukungu. Mwanangu alinisaidia kuzihamishia kwenye kompyuta, kisha akaninunulia sanduku la kuhifadhia mafaili, lile linalounganishwa na mtandao wa nyumbani na kukaa kimya kwenye kona. Ndani yake mlikuwa na diski mbili, kila faili likiandikwa kwenye zote mbili, ili moja ikifa nyingine ibaki. Nililala usingizi wa mtu aliyefunga milango yote. Kaseti kadhaa zilizokwisha kuharibika nilizitupa.

Umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo, sanduku likafa. Diski zilikuwa nzima, lakini sanduku halikuwaka. Nilipokwenda kwa wakala wa kampuni iliyolitengeneza, ambayo sitaitaja na si miongoni mwa nitakazozitaja humu, niliambiwa ninunue sanduku jipya la kampuni hiyo hiyo, na diski mpya kutoka kwao, la sivyo hawana msaada. Bei yake ilikuwa zaidi ya pensheni yangu ya miezi kadhaa. Nilirudi nyumbani na diski zangu mbili mkobani. Sauti za wazee wale, ambao wengi wao tumekwisha kuwazika, zilikuwa mkononi mwangu na sikuweza kuzisikia.

Hapo nikaelewa kwamba ufungaji wa namna hii umebadilika sura. Zamani ulikuwa wa tangazo lililobandikwa kwenye mashine na mkataba uliotiwa saini. Siku hizi unaweza kuandikwa ndani ya programu, na mashine yenyewe ikawa hakimu na askari. Mfano wa wazi ulitokea mwaka 2025. Kampuni ya Synology ya Taiwan, mojawapo ya watengenezaji wakubwa wa masanduku haya, ilitangaza mwezi Aprili kwamba masanduku yake mapya ya daraja la Plus yatahitaji diski zenye jina lake au zilizoidhinishwa nayo. Zaidi ya hizo, huduma muhimu zisingepatikana. Sababu iliyotolewa ilikuwa uimara na usalama wa mafaili, yaani ile ile ya kadi za IBM. Lakini duniani wamebaki watengenezaji watatu tu wa diski ngumu: Seagate, Western Digital na Toshiba. Diski yenye jina la mwenye sanduku imetoka kiwanda cha mmoja wao. Kama zile stensili, nta ni ile ile, tofauti ni matundu.

Safari hii hapakuhitajika jaji. Wanunuzi walinung'unika kwa sauti kubwa, na mwezi Oktoba mwaka huo huo kampuni ililegeza sharti, masanduku yale yakaruhusiwa tena kutumia diski ngumu za kampuni nyingine. Nadhani sababu moja ya sauti yao kuwa na nguvu ni kwamba walikuwa na mahali pa kwenda. Mtu asiye na mlango wa pili hasikilizwi sana anapolalamikia mlango wa kwanza.

Mlango huo wa pili haukujengwa na mtu mmoja wala kwa siku moja. Mwaka 1988 wasomi watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, yaani Patterson, Gibson na Katz, walichapisha andiko lililoonyesha kwamba diski nyingi za bei nafuu zikipangwa pamoja kwa utaratibu zinaweza kushindana na diski moja kubwa ya gharama. Mpango huo ndio unaoitwa RAID. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, Finland, alitoa mwanzo wa Linux. Karibu na wakati huo huo Andrew Tridgell huko Canberra, Australia, alianza programu ambayo baadaye iliitwa Samba, inayowezesha kompyuta za Linux kugawana mafaili na kompyuta za Windows. Mwaka 2005 Mfaransa Olivier Cochard-Labbé alianzisha FreeNAS, programu ya bure inayoigeuza kompyuta ya kawaida kuwa sanduku la kuhifadhia mafaili. Mrithi wake sasa huitwa TrueNAS. Mwaka 2011 Mjerumani Volker Theile alitoa OpenMediaVault kwa kazi kama hiyo. Hao hawakubandika sharti la diski. Na jambo la kuchekesha ni kwamba masanduku mengi ya dukani nayo yanaendeshwa na Linux na Samba. Mfungaji amejenga nyumba yake kwa matofali ya bure.

Ukweli huo ndio ulioniokoa. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anafundisha kompyuta sekondari, alikuja kunisalimia. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba." Nikamweleza. Aliomba azione diski. Siku ya pili alirudi na kompyuta kuukuu ya shule iliyokwisha kufutwa kwenye orodha ya mali, akaifungua ubavu, akaziunganisha diski zangu na kuiwasha kwa Linux. Mpangilio wa diski ulikuwa ule wa kawaida wa Linux, uliofichwa tu nyuma ya sura ya kampuni. Haikupita saa moja nikamsikia marehemu rafiki yangu akikohoa, kama alivyokohoa daima kabla ya kuanza kusimulia. Sikuona haya kutoa leso mbele ya mwanafunzi wangu.

Kompyuta ile kuukuu ndiyo ghala langu leo. Lakini sitaki nimdanganye msomaji. Anayejitengenezea huwa fundi wa kujitegemea: kikiharibika kitu usiku, hana wa kumpigia simu. Kompyuta ya zamani hula umeme zaidi ya sanduku dogo, na lazima mtu ajifunze kidogo. Asiye na muda wala mtu wa kumsaidia hakosei akinunua sanduku la dukani. Aulize tu kabla ya kulipa kwamba likifa leo, diski zake zitasomwa na nani.

Na kuna kosa ambalo siwezi kuisukumia kampuni yoyote. Diski mbili ndani ya sanduku moja si nakala mbili. Radi moja, mwizi mmoja au mkono mmoja uliofuta kwa bahati mbaya unaziondoa zote. Nilitupa kaseti nikiamini mashine. Mwanafunzi wangu aliliona hilo kabla yangu, akanifanyia nakala nyingine ninayoiweka nyumbani kwa mwanangu, mbali na kwangu. Akiba haiozi, lakini sharti iwe mahali pengine.

Nilipokuwa nikiwafundisha walimu wanafunzi, niliwaambia kwamba kipimo cha kazi yao ni siku watakayoondoka darasani: je, watoto wataweza kuendelea kusoma bila wao? Mwalimu anayewafanya wanafunzi wamhitaji milele hajafundisha. Nakipima hivyo hivyo chombo chochote ninachokabidhi kumbukumbu zangu. Mzee wetu wa stensili hakusoma kesi ya A.B. Dick, wala hakujua habari za IBM. Alijua tu kwamba mtihani ni wetu, na kwamba matundu yanatoboleka. Bikari ile sijui iliishia wapi. Lakini kila ninapoiwasha kompyuta kuukuu iliyo kwenye kona, naikumbuka.