Kipuri kilichovunjika usikitupe: historia ya vyuma vidogo, kutoka reli ya Kindu hadi motokari za zamani

KINDU, Maniema – Motokari ya zamani mara nyingi husimamishwa na kitu kidogo: bushi iliyolika, mpira uliopasuka, springi iliyokatika, bolti isiyouzwa tena. Bodi ipo, injini inazunguka, lakini chuma kinachoenea kiganjani hakipatikani kwa sababu kiwanda kiliacha kukitengeneza miaka mingi iliyopita. Hapo zinabaki njia mbili. Ya kwanza ni kuuza gari kwa kilo. Ya pili ni kumpelekea fundi kipuri kile kilichovunjika, au piesi kama wanavyosema wengi katika garaje zetu, na kumwomba atengeneze kinachofanana nacho.

Njia hii ya pili ina historia ndefu katika nchi yetu, na kwa Kindu historia hiyo inapita kwenye reli.

Reli iliyotoka mbali

Kampuni ya CFL iliundwa mwaka 1902 na kundi la Baron Empain wa Ubelgiji. Kazi yake ilikuwa kujenga reli pale ambapo maporomoko ya mto Lualaba yanazuia meli, na kuufikisha usafiri huo hadi ziwa Tanganyika. Mwaka 1906 ilifunguliwa reli ya kilomita 125 kati ya Kisangani na Ubundu, miji iliyoitwa Stanleyville na Ponthierville wakati huo. Mwaka 1911 ikafuata reli ya Kindu hadi Kongolo, kilomita 355. Mwaka 1915 reli ya Kabalo ikafika Kalemie, ambayo ilikuwa ikiitwa Albertville.

Msafiri wa zama hizo alipanda meli, akashuka, akapanda gari moshi, akashuka, akapanda meli tena. Vipuri kutoka Ulaya vilipita njia hiyo hiyo baada ya kuvuka bahari. Injini ya gari moshi iliyoharibika katikati ya msitu wa Maniema haikuweza kungoja miezi. Kwa hiyo kazi ya reli ilihitaji watu wa kukereza chuma, kusubu shaba na kufua springi hapa hapa. Mkongomani aliyeingia karakana kama msaidizi alitoka akijua kupima, kukata na kulinganisha. Wahunzi walikuwepo Maniema kabla ya reli, wakifua majembe na visu kwa makaa na mivukuto. Reli iliongeza jambo moja juu ya ufundi wao: kipimo kisichosamehe.

Milimita 67

Mfano mzuri wa kipimo hicho ni reli yenyewe. Reli za CFL zilijengwa kwa upana wa milimita 1,000, lakini reli za Katanga zilikuwa na milimita 1,067. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko upana wa kiganja, ila ilitosha kuzuia behewa la Lubumbashi lisipite kwenye njia ya Kindu. Mwaka 1955 njia za CFL zilipanuliwa kufikia milimita 1,067, na mwaka 1956 kipande cha Kamina hadi Kabalo kikakamilika. Kuanzia hapo behewa liliweza kutoka Lubumbashi hadi Kindu bila mzigo kushushwa njiani.

Fundi wa motokari anakutana na jambo lile lile kwenye bolti. Magari ya Kiingereza ya zamani yalitumia meno ya Whitworth, yaliyopendekezwa na Joseph Whitworth mwaka 1841, ambayo pembe yake ni digrii 55. Bolti za Kijapani na za Ulaya zinazopimwa kwa milimita zina pembe ya digrii 60. Kwa macho zinafanana. Ukilazimisha moja iingie kwa nyingine, inazunguka mara mbili tatu, kisha inakula meno. Kufanana kwa sura hakutoshi.

Grisi iliyookoa meli

Majirani wetu wa ziwa Tanganyika wana ushahidi mwingine. Meli inayoitwa leo MV Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikapelekwa kwa masanduku hadi Dar es Salaam, kisha kwa treni hadi Kigoma, ambako iliunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916, Wabelgiji na Waingereza walipokaribia, Wajerumani waliizamisha wenyewe. Lakini mafundi wao walipaka injini grisi nzito kwanza.

Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mitambo yake ikaonekana bado inafaa. Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, na injini zake za mvuke zikaendelea hadi zilipobadilishwa kwa dizeli miaka ya 1970. Watu waliolazimika kuiacha mashine yao waliilinda ili siku moja mtu mwingine aweze kuitumia. Familia nyingi zinazosoma habari hii zinajua maana ya kuacha mali kwa haraka bila kujua nani atarudi.

Vita vilipofunga njia

Tarehe 12 Oktoba 1998 Kindu ilianguka mikononi mwa waasi wa RCD. Gari moshi kutoka Katanga likasimama, na miaka iliyofuata mji ulizingirwa hata watu wakashindwa kufika mashambani. Treni zilirudi mwaka 2004 baada ya miaka takriban sita.

Mji unapofungwa hivyo, thamani ya vitu hubadilika. Kinu cha kusaga mihogo, mtumbwi wa injini na baiskeli ya kubebea mizigo vyote hutegemea vyuma vidogo. Tairi la lori huwa mipira ya springi na viatu. Springi ya gari huwa panga au jembe, kwa sababu chuma chake ni kigumu. Pistoni iliyokufa huyeyushwa na kusubiwa upya. Wanaotoka Goma wana chukudu, gari la mbao linaloonyesha elimu hiyo hiyo: gurudumu la mti likivishwa mpira wa tairi kuukuu.

Viwanda vikubwa navyo vimerudi nyuma

Kazi hii si ya maskini tu. Kila mtu hapa anaijua Land Cruiser ya mfano wa 40, iliyotengenezwa Japani kuanzia mwaka 1960 hadi 1984 na kupita barabara zote za mashariki ya Kongo. Mwaka 2021, Land Cruiser ilipotimiza miaka 70, Toyota ilitangaza kwamba itatengeneza upya vipuri vya mfano huo. Porsche ya Ujerumani ilieleza mwaka 2018 jinsi inavyotengeneza wenzo wa kuachia klachi wa Porsche 959 kwa kuyeyusha unga wa chuma kwa leza, tabaka juu ya tabaka. Gari hilo lilitengenezwa 292 tu. Kuwasha kiwanda kizima kwa vipuri vichache kungekuwa hasara.

Kenya nayo ina mbio za East African Safari Classic Rally tangu mwaka 2003, miaka 50 baada ya Safari ya kwanza ya mwaka 1953. Magari ya zamani kama Ford Escort na Porsche 911 hukimbizwa tena kwenye vumbi na mawe, na kila yanapovunjika mtu anatafuta kipuri ambacho duka halina.

Jinsi fundi anavyonakili

Fundi mzuri haanzi na moto, anaanza na kipuri cha zamani. Kipuri kilichovunjika ndicho ramani yake. Lakini ramani hiyo inadanganya pale ilipolika, kwa hiyo anapima sehemu ambayo haikusuguliwa, kisha anapima shimo au ekseli inayokaa nayo. Akinakili ulikaji, atatoa kipuri kipya chenye ugonjwa wa zamani.

Kama ni cha kusubu, anachonga mfano wa mti mkubwa kidogo kuliko kipuri chenyewe, kwa sababu chuma hupungua kinapopoa. Aluminiamu hupungua zaidi kidogo ya milimita 1 katika kila milimita 100. Pistoni kuukuu hufaa kuliko sufuria, kwa kuwa madini yake yalichanganywa kwa ajili ya kusubiwa, nayo hujaza mchanga vizuri. Baada ya hapo kazi huenda kwenye mashine ya kukereza, kama ipo, au kwenye tupa na uvumilivu.

Kuna mpaka ambao fundi mwaminifu hauvuki. Kitasa cha mlango, bushi ya springi, kifuniko cha taa au mkono wa dirisha vinaweza kunakiliwa. Vikiharibika, gari linasumbua tu. Breki na usukani ni habari nyingine. Aluminiamu ya kusubu inaweza kuwa na mapovu ya hewa ndani yasiyoonekana, ikakatika bila dalili. Mipira ya breki pia haikatwi kwenye tairi, na mafuta ya injini hayamiminwi mahali pa mafuta ya breki: mpira unavimba, breki inashika au inakataa kabisa. Kwa gari linalobeba watu 20 juu ya magunia, kosa hilo ni matanga.

Kwa waliokimbia

Goma ilitwaliwa Januari 2025, Bukavu Februari 2025, na familia nyingi zikatawanyika, nyingine zikaelekea upande wa Maniema. Kati ya waliokimbia wamo mafundi wa garaje, wachomeleaji na wakerezaji. Waliacha mashine, mifano ya mti na masanduku ya vipuri vya zamani vilivyokuwa vipimo vyao. Walichobeba ni mikono na kumbukumbu.

Mji wa Kindu unaweza kufaidika nao, iwe Kasuku, Mikelenge au Alunguli ng'ambo ya mto. Mwenye garaje anaweza kumpa fundi aliyekimbia meza na jiko la makaa, na kijana wa hapa akasimama pembeni akijifunza kupima. Na mwenye gari, kinu au pikipiki anaweza kufanya jambo dogo zaidi: kipuri kinapovunjika, akusanye vipande vyote, avipake grisi, avifunge kwenye kitambaa na kuandika vilitoka mashine gani. Mnunuzi wa vyuma chakavu atavipima kwa mizani. Fundi atavipima kwa kalipa, na siku barabara ikifungwa tena, kipimo hicho ndicho kitakachosaga mihogo.