Mambamuntu

Kiswahili cha Kongo kimeunganisha mamba na muntu, ambaye pwani huitwa mtu. Lakini itazame picha yake inayotundikwa ukutani: mwanamke wa nywele ndefu, kioo na chanuo mkononi, chini mkia wa samaki. Mamba amebaki kwenye jina tu. Husimuliwa kwamba aliyeokota chanuo lake hupata mapenzi na mali, mradi atunze siri. Dada yake, Mami Wata, roho wa maji wa Afrika Magharibi, alienezwa na picha ya Kijerumani ya mwanamke mcheza na nyoka, ya karne ya 19, iliyochapishwa upya Bombay mwaka 1955. Asia imo katika historia ya picha hizi, basi. Hata hivyo, kijana wa Kisangani atungaye riwaya ya mapenzi na maajabu asimwite Mambamuntu nguva. Nguva ni wa bahari. Huyu ni wa mto.