Jina la Mhunzi

Msomaji, bila shaka umepata kuliona jina Smith katika vitabu vyako vya shule. Hakuna jina la ukoo lenye watu wengi kulipita katika Uingereza, wala katika Marekani. Wako wanaodhani kwamba watu wote hao ni wana wa babu mmoja. Sivyo hata kidogo. Ukitaka kujua asili ya jina hilo, twende pamoja mpaka katika kijiji cha Uingereza ya kale.

Zamani hizo mtu wa kawaida alikuwa na jina moja tu, nalo lilimtosha. Lakini Wanormani kutoka Ufaransa walipoiteka nchi mwaka 1066, walikuja na majina yao, na baada ya muda majina machache kama William, Robert na John yakapendwa mno. Basi akina John wakizidi kijijini, ilipasa wapambanuliwe. Huyu aliitwa kwa jina la baba yake: John Wilson, mwana wa Will. Huyu aliitwa kwa mahali alipokaa: John Hill, wa kilimani. Huyu kwa umbo lake: John Short, mfupi. Na huyu kwa kazi yake: John Smith, yaani John mhunzi.

Mhunzi alikuwa mtu wa maana sana. Shoka, mundu, bawaba ya mlango, kiatu cha farasi na ncha ya mshale, vyote vilitoka katika moto wake. Wakulima walikuwa wengi, na kumwita mtu mkulima hakukumtenga na jirani zake. Lakini mhunzi kwa kawaida alikuwa mmoja au wawili tu, na ukimtaja kwa kazi yake kila mtu alimjua. Ajabu ni kwamba jina hili lilienea nchi nzima kwa sababu hiyo hiyo: kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake! Hivyo jina lililomtambulisha mtu kijijini likawa halimtambulishi tena katika taifa.

Hapo mwanzo jina la namna hii lilikufa pamoja na mwenyewe. Mwana wa mhunzi akiwa mwoka mikate, aliweza kuitwa Baker. Kalamu ya serikali ilisaidia sana kuyafunga majina. Katika miaka ya 1377, 1379 na 1381 watu walitozwa kodi ya kichwa, na makarani wakaandika majina ya walipaji. Tena mwaka 1538 kila parokia iliamriwa kuweka daftari la ubatizo, ndoa na maziko. Polepole mtoto akawa Smith kwa kuwa baba yake ni Smith, ijapokuwa hajashika nyundo maisha yake yote.

Kisha jina likavuka bahari pamoja na walowezi. Utumwa ulipokomeshwa katika Marekani mwaka 1865, wengi wa watu weusi waliopata uhuru waliandikwa kwa majina ya Kiingereza, na Smith likiwamo. Hata Wajerumani waliohamia huko wakiitwa Schmidt, ambalo maana yake ni mhunzi vilevile, baadhi yao waligeuka wakawa akina Smith.

Sasa pima mambo haya mawili. Mwaka 1965 Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia, alijitangazia uhuru ili Wazungu wachache waendelee kuwatawala Waafrika walio wengi. Nchi hiyo haikuwa Zimbabwe mpaka mwaka 1980. Mwaka 1968, huko Meksiko, Tommie Smith, Mmarekani mweusi, alishinda mbio za mita 200 katika michezo ya Olimpiki. Aliposimama kupokea nishani ya dhahabu aliinua juu ngumi yenye glavu nyeusi, kupinga dhuluma waliyotendewa watu weusi. Jina ni moja, lakini ngumi ile iliinuliwa kupinga mambo kama yale ambayo Ian Smith aliyapigania.

Basi, kijana, usimpime mtu kwa jina lake. Jina hutueleza kazi ya mtu aliyekufa zamani. Kazi ya aliye hai tutaijua kwa matendo yake. Na jioni ya leo, uwaulize wazee wako: jina lako wewe lilianza na nani, naye alikuwa akifanya nini?