Vitabu vya Siasa Bujumbura na Msimu wa Noeli

Vitabu vya mwanzo kuhusu siasa ya Burundi havikuandikwa kwa ajili ya Warundi wala havikuchapwa Bujumbura. Mjerumani Hans Meyer alitoa Die Barundi mjini Leipzig mwaka 1916, mwaka uleule majeshi ya Ubelgiji yalipoutwaa mji huo, wakati ule ukiitwa Usumbura. Pierre Ryckmans, aliyewahi kuwa mkuu wa utawala wa Kibelgiji katika Urundi, alitoa Dominer pour servir mwaka 1931. Askofu Julien Gorju alifuata mwaka 1938 na kitabu chake juu ya ufalme wa Urundi. Watatu hao walikuwa wakizungumza na wenzao wa Ulaya, na mtu wa Usumbura aliyetaka kujua nchi yake inatawaliwa kwa hoja gani alipaswa kwanza kujua lugha ya mtawala, kisha afahamiane na mtu mwenye kitabu chenyewe.

Mtu huyo mara nyingi alikuwa padri. Kazi ya uchapaji mjini ilikuwa mikononi mwa Kanisa Katoliki, na matbaa yake, Presses Lavigerie, ilibeba jina la kardinali aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868. Gazeti la Ndongozi, la Kirundi, lilianza mwaka 1940. Katika miaka ya 1950 Temps Nouveaux d'Afrique lilikuwa likiwapa wasomi wa Kifaransa habari na mabishano ya siasa. Kwa kizazi kile, seminari na parokia ndizo zilizoamua kijana asome nini, na ushauri wa padri ulifanya kazi ambayo kwingine hufanywa na mhakiki wa vitabu au muuza vitabu.

Vuguvugu la uhuru halikuleta vitabu. Lilileta hotuba, vikaratasi na nyimbo za mikutano. Mwanamfalme Louis Rwagasore aliongoza chama cha UPRONA kushinda viti 58 kati ya 64 katika uchaguzi wa Septemba 1961, na tarehe 13 Oktoba mwaka huo alipigwa risasi katika hoteli moja ya Usumbura, kando ya Ziwa Tanganyika. Maneno yake yalibaki yametawanyika katika magazeti, barua na kumbukumbu za idara. Ilichukua zaidi ya nusu karne kuyakusanya kuwa kitabu. Kwa jirani mambo yalikwenda vingine: nchini Tanzania, serikali na chama vilichapa siasa yao kwa Kiswahili, hata mkulima aliyesoma madarasa machache akaweza kuwa na Azimio la Arusha nyumbani. Burundi ilikuwa na lugha moja ya taifa inayosemwa na wote, jambo ambalo nchi nyingi za Afrika zingelitamani, lakini wasomi wake wakaendelea kujadili siasa kwa Kifaransa.

Mtu aliyekaribia kuivunja desturi hiyo ni padri Michel Kayoya. Mwaka 1968 Presses Lavigerie ilichapa kitabu chake Sur les traces de mon père, na baadaye ikachapa Entre deux mondes. Lugha ilikuwa Kifaransa, ila mwandishi alikuwa Mrundi, msomaji aliyekusudiwa alikuwa kijana wa Burundi, na matbaa ilikuwa ya humuhumu mjini. Kitabu cha kwanza kinachanganya nathari na mashairi. Mwana anamtazama baba yake, anatazama adabu za kwao, kisha anauhoji ukoloni uliomfundisha kuvionea haya vyote viwili. Hakina jedwali wala hoja za kisheria, na kwa macho ya haraka mtu angekiweka kwenye rafu ya dini. Lakini ni kitabu cha siasa kuliko vingi vyenye neno siasa juu ya jalada, kwa sababu kinauliza taifa jipya lijengwe na watu wa namna gani. Nairobi ilikitoa kwa Kiingereza mwaka 1973, mwandishi akiwa amekwisha kuuawa: Kayoya aliuawa Gitega, Mei 1972.

Mauaji ya mwaka 1972 yaliwapata kwanza Wahutu waliosoma: walimu, wanafunzi wa chuo kikuu, makarani, mapadri. Makadirio ya waliokufa ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Pamoja na watu hao nchi ilipoteza sehemu kubwa ya wasomaji wake na ya wale ambao wangekuja kuwa waandishi. Kilichofuata mjini kilikuwa ukimya. Maandishi juu ya yaliyotokea yalitoka nje: ripoti ya René Lemarchand na David Martin ilichapwa London mwaka 1974, na katika makambi ya wakimbizi ya magharibi mwa Tanzania watu wakawa wanasimuliana historia yao wenyewe, simulizi ambazo Liisa Malkki alizichambua katika Purity and Exile, kitabu cha mwaka 1995. Huku Bujumbura wanahistoria wa chuo kikuu waliendelea na kazi, wengi wakijikita katika zama za wafalme na za ukoloni. Joseph Gahama alitoa Le Burundi sous administration belge mwaka 1983, na Émile Mworoha akaongoza historia ya Burundi hadi mwisho wa karne ya 19, iliyotoka mwaka 1987. Ni kazi nzuri, na bado zinatumika. Lakini ni vigumu kutoona zinaishia wapi.

Mlango ulianza kufunguka baada ya mauaji ya Ntega na Marangara ya Agosti 1988. Serikali ya Rais Pierre Buyoya iliunda tume ya umoja wa kitaifa, na ripoti yake ya mwaka 1989 ikajadiliwa nchi nzima. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 magazeti yalizuka kwa wingi, likiwemo L'Aube de la démocratie la chama cha FRODEBU. Melchior Ndadaye alichaguliwa kuwa rais Juni 1993 na kuuawa tarehe 21 Oktoba, na sehemu ya magazeti hayo ikageuka kuwa kipaza sauti cha chuki. Wakati huo kitabu kilikuwa na faida moja juu ya gazeti: kilichelewa. Burundi, l'histoire retrouvée cha Jean-Pierre Chrétien kilitoka mwaka huohuo wa 1993, na kikasomwa kwa hasira na kwa sifa kutegemea msomaji alisimama upande gani.

Kisha zikaja kumbukumbu za viongozi. Buyoya alitoa Mission possible mwaka 1998. Sylvestre Ntibantunganya, rais aliyepinduliwa na Buyoya huyohuyo mwaka 1996, alijibu mwaka 1999 kwa majuzuu mawili ya Une démocratie pour tous les Burundais. Vyote vilichapwa Paris na L'Harmattan, wakati wajumbe wakiwa Arusha wakijadiliana mapatano ya amani yaliyotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Kumbukumbu za aina hii ni utetezi, na anayesoma cha mmoja bila kusoma cha mwenzake amesikiliza kesi kwa sikio moja.

Mabadiliko makubwa yalikuja na gazeti la Iwacu. Antoine Kaburahe, mwandishi wa habari aliyekuwa Ubelgiji, alirudi na kuliweka gazeti hilo Bujumbura mwaka 2008, kisha akaliongezea shirika la kuchapa vitabu. Mwaka 2010 mkahawa wa fasihi wa Samandari ulianza, chini ya waandishi vijana wakiwemo Roland Rugero na Ketty Nivyabandi. Watu waliketi jioni, wakasoma kwa sauti, wakabishana. Kwa mara ya kwanza mji ulikuwa na mahali ambapo kitabu kingeweza kuandikwa, kuchapwa, kuhakikiwa na kupendekezwa bila kupitia kwa padri wala chuo kikuu. Matukio ya Mei 2015 yaliibana hali hiyo. Redio za kujitegemea zilishambuliwa na kufungwa baada ya jaribio la mapinduzi, na waandishi wengi wakakimbia nchi, Kaburahe akiwa mmoja wao. Shirika la vitabu halikufa. Mwaka 2019 lilitoa Hutsi, simulizi ya Aloys Niyoyita iliyoandikwa na Kaburahe, juu ya mtu aliyezaliwa na baba wa kabila moja na mama wa jingine katika nchi iliyomtaka achague.

Msimu wa Noeli na Bonane, yaani Mwaka Mpya, unaeleza vizuri nafasi ya kitabu katika maisha ya mji. Fedha za Desemba huenda kwenye nguo mpya za watoto, chakula na kinywaji. Kitabu, na hasa cha siasa, si zawadi ya desturi. Kilichochapwa Paris au Brussels huuzwa kwa bei ya euro, na baada ya faranga ya Burundi kushushwa thamani Mei 2023 bei hiyo ilizidi kupaa. Nakala hufika kwa ndugu wanaorudi kutoka Ulaya kusherehekea, na moja hupita mikono mingi kabla ya kurudi kwa mwenyewe, kama itarudi. Kwa wakazi wa Buyenzi na mitaa mingine inayosema Kiswahili kuna kikwazo cha pili: shule za msingi zilianza kufundisha Kiswahili katikati ya miaka ya 2000, na redio ya taifa inatangaza kwa lugha hiyo, lakini vitabu hivi karibu vyote ni vya Kifaransa.

Riwaya imesaidia kuruka sehemu ya ukuta huo. Petit pays ya Gaël Faye, mzaliwa wa Bujumbura, ilitoka mwaka 2016, ikapata tuzo ya Goncourt ya wanafunzi wa sekondari, na ikapeleka mapinduzi ya Oktoba 1993 kwa wasomaji ambao wasingegusa kitabu cha historia. Uzuri wake ni macho ya mtoto, na hapohapo ndipo mipaka yake ilipo: asiyejua nani alikuwa Ndadaye atamaliza kurasa zote na bado hatajua kwa nini aliuawa.

Kuhusu Rwagasore, vitabu viwili vya uchunguzi vinashindana mezani: cha Guy Poppe, kilichotoka Kifaransa mwaka 2012, na cha Ludo De Witte cha mwaka 2021, kinachowabebesha maofisa wa Ubelgiji lawama nzito zaidi. Mwenye fedha za kimoja tu Desemba hii aviache vyote viwili kwanza, achukue Paroles et écrits de Louis Rwagasore, mkusanyo uliohaririwa na Christine Deslaurier na kutolewa na Karthala pamoja na Iwacu mwaka 2012. Umeandikwa kwa Kifaransa na Kirundi, hivyo hata bibi wa nyumbani asiyejua Kifaransa anaweza kusomewa, na ndani yake anayesema ni Rwagasore mwenyewe.