Ada, Kotizasio na Mchango: Kupanda kwa Malipo ya Vyama Tangu Enzi ya Zaire

Msamiati wa vyama katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo una maneno matatu yanayokaribiana. Ada, neno la asili ya Kiarabu, lilimaanisha kwanza desturi. Kotizasio limetoka katika Kifaransa, na mzizi wake ni fungu linalompasa kila mtu. Mchango ni la Kibantu, kutokana na kitenzi changa. Katika mazungumzo ya kila siku hubadilishana nafasi, lakini historia ya kupanda kwa malipo inadai yatenganishwe.

Mtafiti anayesoma daftari la chama la enzi ya Zaire anaweza kudanganywa na tarakimu. Zaire ilipotolewa mwaka 1967, moja ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Baada ya kushushwa thamani mwezi wa Septemba 1983, dola 1 ilipata takriban zaire 30. Mwezi wa Oktoba 1993 ilitolewa zaire mpya, moja kwa zaire 3,000,000 za zamani, na dola ikaanza kwa zaire mpya 3 hivi. Basi ada ya zaire 1 ya mwaka 1967 ingehitaji kufika milioni 18 ili ibaki palepale. Kamati iliyozidisha ada mara elfu moja katika kipindi hicho ilikuwa, kwa hakika, imeipunguza. Wanachama waliowalaumu viongozi wao kwa uroho hawakuwa na njia rahisi ya kuliona hilo.

Vyama vya wapanda farasi, kama vile Cercle hippique za Kinshasa na Lubumbashi, ni mfano mzuri wa ugumu huo. Farasi hula kila siku, awe ametoka kukimbia au amelala zizini; anataka mtunzaji, kwato na dawa. Ada ya mwaka hupokelewa mara moja, matumizi yake hutawanyika miezi kumi na miwili. Fedha inapoyeyuka, chama cha namna hiyo hakina budi kupandisha ada kila baada ya muda mfupi au kuihesabu kwa fedha za kigeni. Njia zote mbili humtoa mwanachama yule yule: mwenye mshahara wa zaire usiokwenda sambamba na bei, mwalimu au karani wa serikali, si mfanyabiashara.

Katika vilima vya Masisi, kando ya barabara itokayo Sake kupitia Bihambwe, mnyama wa heshima ni ng'ombe, na mpango wa fedha ulio karibu na watu ni likilimba. Hapa upo werevu ambao wachumi hawakuuthamini ipasavyo. Katika likilimba fedha hazilali: zinazokusanywa leo hukabidhiwa mtu mmoja leo hii, naye huzigeuza mara moja kuwa mbuzi, maharagwe au mabati. Kiasi chaweza kupandishwa kikao hata kikao bila ugomvi, kwa kuwa anayelipa zaidi atapokea zaidi. Udhaifu wake ni kwamba wa mwisho katika zamu ndiye anayebeba hasara ya fedha kuporomoka.

Udhaifu wa pili ni kwamba likilimba husimama juu ya kuaminiana. Mwezi wa Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea hadi Masisi. Watu walikimbia, ng'ombe waliporwa, na kukutana na jirani kukawa na hatari.

Katika vita vilivyofuata, vikundi vyenye silaha vilijifunza lugha ya vyama. Tozo ya ulinzi wa usiku iliitwa lala salama, jina ambalo msikilizaji mgeni angelidhani ni dua. NDC-Rénové, katika maeneo iliyoyashika Walikale na Masisi mwishoni mwa miaka ya 2010, iliwatoza watu wazima faranga 1,000 kwa mwezi na kuwapa jetoni, mithili ya kadi ya mwanachama. Kuiita tozo hiyo mchango ni kulipotosha neno, maana kuchanga kunahitaji uwezekano wa kukataa. Aliyeshindwa kulipa likilimba alikosa zamu yake. Aliyekutwa njiani bila jetoni alitozwa faini au kufungwa.