Senti Moja ya Pittsburg

Agosti 1999, katika duka la Wal-Mart la mji wa Pittsburg, California, mfanyakazi mmoja alikuwa mapumzikoni akataka kununua kitu, ila hakuwa na chenji. Droo ya mashine ya fedha haifunguki hivi hivi, mpaka yapigwe mauzo. Akamwomba mwenzake apige mauzo ya senti moja. Droo ikafunguka, chenji ikapatikana. Kwa maelezo yake, jambo hilo lilikuwa la kawaida pale dukani na wengine walilifanya bila kuulizwa. Safari hii yeye aliulizwa. Alivuliwa usimamizi wa huduma kwa wateja, akarudishwa kuwa keshia, na malipo yake ya saa yakapunguzwa.

Huyo ni Betty Dukes, mwanamke mweusi aliyezaliwa 1950 huko Tallulah, Louisiana, na mhubiri katika kanisa la Kibaptisti. Aliingia dukani 1994 kama keshia wa saa chache, dola 5 kwa saa. Miaka mitatu baadaye akapewa ule usimamizi, cheo chenye jina la uongozi lakini kinacholipwa kwa saa kama ukeshia. Akauliza habari za mafunzo ya umeneja, asipate jibu la kushika. Nafasi za juu yake alizisikia zikiwa zimeshapata watu, na watu wenyewe ni wanaume.

Duka kubwa kama lile lina ngazi mbili, ingawa mteja huiona moja. Chini wako wanaolipwa kwa saa: makeshia, wapanga rafu, wauza nguo, wasimamizi wa vitengo. Juu wako wa mshahara: meneja msaidizi, meneja wa duka, meneja wa wilaya anayezunguka na gari kutoka duka hadi duka. Kati ya ngazi hizo mbili pana daraja moja, nalo ni programu ya kuwafunza mameneja. Kwa miaka mingi nafasi za programu hiyo hazikubandikwa popote pa kusomwa na kila mtu. Meneja alimtazama anayemwona anafaa, akamwita pembeni. Wafanyakazi waliliita jambo hilo kama lilivyokuwa: kuguswa bega.

Aliyeguswa bega alitakiwa pia awe tayari kuhama, leo Texas, mwakani Missouri. Sam Walton, aliyefungua duka la kwanza la Wal-Mart mwaka 1962 mjini Rogers, Arkansas, alikiri mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1992, mwaka aliofariki, kwamba sharti hilo la kuhamahama liliwaweka nyuma wanawake hodari wa kampuni yake. Lakini kukiri kitabuni na kubadili mambo dukani ni vitu viwili, na sharti lilikaa midomoni mwa mameneja muda mrefu baada ya mwenye kampuni kuzikwa.

Dukes alikuja kuishtaki kampuni. Lakini kabla yake kulikuwa na Sears, na asiyeijua kesi ya Sears hataelewa kwa nini mawakili wa Dukes walirundika hati nyingi za viapo.

Sears, Roebuck ilikuwa duka la Marekani nzima: jokofu, matairi, uzio, mabomba, shuka, vipodozi. Wauzaji wake walikuwa wa aina mbili. Aliyeuza shuka na vipodozi alilipwa kwa saa. Aliyeuza jokofu na matairi alilipwa kamisheni, na kipato chake kilikaribia mara mbili ya yule mwingine. Wanawake walijaa upande wa shuka, wanaume upande wa matairi. Tume ya serikali ya usawa katika ajira ikafungua mashtaka mwaka 1979 chini ya sheria ya haki za kiraia ya 1964. Shauri likasikilizwa Chicago kwa miezi kama kumi, kati ya 1984 na 1985.

Katika vielelezo kulikuwa na mtihani ambao kampuni ilikuwa ikiwapa waombaji wa kazi za kamisheni. Ulimuuliza mtu kama sauti yake ni nzito. Kama amewahi kucheza katika timu ya mpira wa miguu wa Kimarekani. Kama amewahi kupigana ndondi au mieleka. Kama amewahi kwenda kuwinda. Mtu anauza mashine ya kufulia nguo, anaulizwa habari za kuwinda! Wala mtihani huo haukuwa siri. Ulichapwa, ukapangwa maswali, ukawekwa alama.

Kilichoifanya kesi hiyo isisahaulike vyuoni ni kwamba wanahistoria wawili, wote wanawake, walisimama kizimbani wakipingana. Rosalind Rosenberg wa Barnard College alikuja upande wa Sears. Alisema wanawake na wanaume wa Marekani wamelelewa na matarajio tofauti juu ya kazi, kwa hiyo pengo katika takwimu si lazima liwe limeletwa na mwajiri. Huenda wanawake wengi hawakuitaka presha ya kamisheni. Alice Kessler-Harris akaja upande wa tume. Yeye alisema tazameni historia ya kazi za wanawake: kila mlango ulipofunguliwa waliingia, na kinachoitwa chaguo lao kilikuwa ni kuokota kati ya vilivyobakizwa. Nikisoma mabishano yao hadi leo huona kwamba Rosenberg hakuwa mjinga wala msaliti, kama alivyoitwa baadaye na wenzake. Aliulizwa swali la historia akajibu kihistoria. Tatizo ni kwamba jibu lenye tahadhari, likiingia mahakamani, huwa silaha ya anayelitumia.

Jaji John Nordberg aliipa Sears ushindi mwaka 1986, na mahakama ya rufaa ikaukubali 1988. Tume ilikuwa imeleta takwimu kwa mafungu, lakini haikuleta mwanamke hata mmoja wa kusema: niliomba kazi ya kamisheni, nikanyimwa. Majaji waliliona pengo hilo na wakalisema.

Kule California, wakili Brad Seligman alikuwa na kesi yake dhidi ya Lucky Stores, maduka ya vyakula. Humo wanawake waliwekwa kwenye mikate na vyakula vilivyopikwa, wanaume kwenye mboga na bidhaa za rafuni, na njia ya kuufikia umeneja ilipitia rafuni. Mwaka 1988 kampuni iliwakusanya mameneja wake kwa mafunzo ya usawa, ikawataka wataje mambo yanayosemwa juu ya wafanyakazi wanawake. Wakataja: mshahara wa mwanamke ni wa kujazia wa mumewe, hana hamu ya kupanda, wanaume hawatakubali kuamrishwa naye. Mtu mmoja akayaandika. Yale maandishi ya somo la kupambana na ubaguzi yakaishia mezani kwa Jaji Marilyn Hall Patel kama ushahidi wa ubaguzi, na mwaka 1992 akaamua kwamba Lucky iliwabagua wanawake. Kampuni ililipa makumi ya mamilioni ya dola. Seligman akaanzisha mfuko wa kusaidia kesi za aina hiyo. Mwaka 1997 Publix, maduka ya vyakula ya Florida, nao wakakubali kulipa dola milioni 81.5 bila kusubiri hukumu. Ilionekana kama mambo yameshika njia.

Basi Juni 2001 Dukes na wenzake watano walipofungua shauri dhidi ya Wal-Mart huko San Francisco, Seligman akiongoza mawakili, somo la Sears lilikuwa limeshaeleweka: usilete hesabu bila watu. Walileta vyote. Mtaalamu wa takwimu, Richard Drogin, alipitia kumbukumbu za malipo za kampuni yenyewe. Wanawake walikuwa kama theluthi mbili ya wanaolipwa kwa saa, theluthi moja tu ya uongozi, na kwa kadiri ulivyopanda ngazi ndivyo walivyozidi kupungua. Kati ya mameneja wa maduka walikuwa kama asilimia 14. Mchumi Marc Bendick akalinganisha na makampuni 20 shindani, ambako zaidi ya nusu ya mameneja wa ndani ya duka walikuwa wanawake. Wale wauzaji wengine waliwapata wapi hao wanawake wanaotaka umeneja?

Kisha zikaja hati za viapo, kama 120. Humo mna mengi. Meneja msaidizi mmoja aliona fomu ya kodi ya mwenzake wa kiume mwenye cheo kilekile, akakuta anamzidi kwa maelfu ya dola kwa mwaka. Alipouliza, akaambiwa yule ana mke na watoto. Yeye mwenyewe alikuwa mama anayelea peke yake. Wapo waliosema vikao vya mameneja vilifanyika Hooters, mkahawa ambao wahudumu wake ni wasichana waliovaa nusu uchi. Na uwindaji ukarudi. Wakubwa wa kampuni walikuwa na safari ya kila mwaka ya kuwinda kware kwenye ranchi ya Walton huko Texas, na mwanamke mmoja aliyekuwa tayari meneja aliambiwa na mkubwa wake kwamba hatapanda zaidi kwa kuwa hawindi, havui samaki, wala si mtu wa kijiwe chao. Zaidi ya miaka ishirini baada ya mtihani wa Sears, swali lilikuwa lilelile. Tofauti ni kwamba sasa hakuna aliyeliandika kwenye karatasi ya mtihani.

Kampuni ilijibu kwamba sera yake inakataza ubaguzi, na kwamba kila meneja ana hiari yake. Kama kuna waliokosea, washtakiwe kwa maduka yao. Mawakili wa wanawake wakaionyesha mahakama kitu kingine. Katika kampuni hiyohiyo, joto la ndani ya kila duka, Alaska au Alabama, lilirekebishwa kutoka makao makuu ya Bentonville, Arkansas. Muziki wa dukani vilevile. Meneja asiyeruhusiwa kugusa kipimo cha baridi aliachiwa kuamua atakavyo ni nani apandishwe.

Jaji Martin Jenkins alilikubali kuwa shauri la uwakilishi, yaani wachache wakidai kwa niaba ya wote, Juni 2004: wanawake wapatao milioni 1.5 waliofanya kazi humo tangu mwisho wa 1998, kesi kubwa ya aina yake kupata kuonekana Marekani. Kampuni ikakata rufaa. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikawapa wanawake ushindi kwa kura 6 dhidi ya 5. Kampuni ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 29 Machi 2011 mawakili wakasimama Washington. Dukes alikuwa ndani ya ukumbi. Wakati huo kazi yake Pittsburg ilikuwa kusimama mlangoni kuwakaribisha wateja.

Jaji Anthony Kennedy alimwambia wakili wa wanawake kwamba madai yao yanatazama pande mbili. Mara mnasema Bentonville inashika kila kitu, mara mnasema mameneja wameachiwa kila kitu. Lipi ni lipi? Kwa mtu aliyewahi kufanya kazi katika kampuni yoyote kubwa jibu si gumu, kwani yote mawili hukaa pamoja bila kugombana. Lakini mahakamani ni swali la hatari, na wakili hakulitoka vizuri.

Hukumu ilitoka tarehe 20 Juni 2011. Juu ya namna ya kudai malipo ya nyuma, majaji wote tisa waliwakatalia wanawake. Juu ya jambo kubwa zaidi, yaani kama wanawake hao wana swali moja linalowaunganisha, waligawanyika 5 kwa 4. Antonin Scalia, akiwaandikia walio wengi, alisema kuwaachia mameneja hiari ni kinyume cha kuwa na utaratibu mmoja wa kampuni nzima. Akavihesabu viapo: 120 kwa watu milioni 1.5 ni kiapo kimoja kwa kila watu 12,500, navyo vinahusu maduka kama 235 tu kati ya 3,400. Akakumbusha kesi ya mwaka 1977 ya madereva wa malori, ambako palikuwa na shahidi mmoja kwa kila wanane. Kwa uwiano huo, Dukes angehitaji mashahidi wapata 190,000, na sijui mahakama gani ingewapatia viti.

Ruth Bader Ginsburg aliandika upande wa wanne, na majaji wote watatu wanawake walikuwa kwenye upande huo. Alitoa mfano wa okestra. Kwa muda mrefu wapiga muziki wa okestra kubwa walikuwa wanaume, mpaka ulipoanza mtindo wa kuwasikiliza waombaji wakiwa nyuma ya pazia, na wanawake wakaanza kupita. Hoja yake: hiari isiyo na kipimo, mikononi mwa mameneja walio karibu wote wanaume, nayo ni utaratibu.

Mwezi huohuo Wal-Mart ilikuwa inakamilisha kununua asilimia 51 ya Massmart ya Afrika Kusini, wenye maduka ya Game. Mkazi wa Dar es Salaam aliyeingia Game pale Mlimani City kununua feni aliingia, bila habari, katika nyumba hiyohiyo.

Baada ya hukumu, kesi ilivunjwa vipande: California, Texas, Florida, Tennessee, Wisconsin. Mwaka 2013 kipande cha California nacho kilinyimwa hadhi ya uwakilishi. Karibu wanawake 2,000 walikuwa wameshapeleka malalamiko tume ya ajira, kila mmoja kwa jina lake na duka lake. Betty Dukes alirudi Pittsburg, kwenye zamu yake, akaendelea kwa miaka kadhaa katika duka lile lile lililokuwa limemshusha. Alifariki Julai 2017, ana miaka 67. Miongoni mwa yale malalamiko ya mmoja mmoja, yapo yaliyokuwa bado mezani.