Umeridhika, Mama? Istilahi ya "Kuridhika kwa Mgonjwa" na Ukoo Wake

Muuguzi anasimama kando ya kitanda, karatasi mkononi, kalamu tayari. "Mama, umeridhika na huduma zetu?" Mama, aliyelazwa wiki ya tatu sasa kwa maradhi ya akili, anavuta kanga yake begani, anatupa jicho mlangoni alikokaa dada yake, kisha anajibu: "Nimeridhika mwanangu, Mungu awabariki." Kalamu inatia alama ya vema penye "nimeridhika sana".

Mazungumzo ya namna hii hupita katika wodi nyingi, na anayeyasikia haoni kosa. Swali ni la adabu, na jibu ni la adabu. Lakini alama ile itajumlishwa na nyingine, itageuzwa asilimia, na itasomwa kikaoni kuwa ushahidi kwamba wodi inafanya kazi vizuri. Kwa hiyo tuna haki ya kuuliza neno kuridhika lilibeba nini lilipotoka kinywani mwa muuguzi, na lilibeba nini liliporudi kutoka kwa mama.

Kwa wataalamu wa afya, kuridhika kwa mgonjwa ni istilahi yenye mipaka. Ni kiasi ambacho mgonjwa, kwa kipimo chake mwenyewe, anaona huduma aliyopata imefikia yale aliyoyahitaji na aliyoyatarajia. Uzito wa maana hiyo uko kwenye maneno "kipimo chake mwenyewe". Daktari anaweza kupima shinikizo la damu na mfamasia akahesabu vidonge, lakini hakuna kati yao awezaye kumsemea mgonjwa jinsi alivyopokelewa. Wahenga walikwisha kusema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mmoja wa walioipa fikra hii nafasi katika elimu ya tiba ni Avedis Donabedian, daktari mwenye asili ya Armenia, aliyezaliwa mwaka 1919, akakulia Mashariki ya Kati na kufundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Mwaka 1966 alichapisha makala iliyopendekeza ubora wa tiba utazamwe kwa mambo matatu: nyenzo zilizopo, yaani majengo, watumishi na vifaa; namna kazi yenyewe inavyofanyika; na matokeo kwa mgonjwa. Katika maandishi yake ya baadaye, kuridhika kwa mgonjwa alikuweka katika fungu la tatu, bega kwa bega na kupona. Kwa hesabu hiyo, mtu ambaye homa yake ilishuka lakini akatoka hospitali amedhalilishwa, bado hakutibiwa vizuri.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Mzizi wake ulitoka Kiarabu, na Kiswahili kiliupokea kikauzalisha hadi ukawa ukoo mzima. Kuna radhi, ambayo mzazi humpa mtoto, na ambayo pia huombwa na aliyekosea anaposema "niwie radhi". Kuna ridhaa, kukubali kwa hiari, neno analolikuta mgonjwa kwenye fomu anayotia saini kabla ya upasuaji. Kuna kuridhia, kitenzi cha mabunge na mikataba. Kuna kuridhisha. Na kuna kuridhika.

Katika matumizi ya kila siku, kuridhika ni sifa ya mtu kabla hakujawa hukumu juu ya kitu. Tunamsifu jirani kwa kusema ameridhika na alichojaliwa. Asiyeridhika tunamwona ana tamaa, au hana shukrani. Mtoto anayelilia kipande cha pili cha nyama huambiwa ajifunze kuridhika. Basi yule mama kitandani alisikia maswali mawili katika sentensi moja. La kwanza: wodi yetu ikoje? La pili: wewe ni mtu mwenye shukrani? Alilijibu la pili, kama alivyolelewa kulijibu.

Umbo la kitenzi nalo linachangia. Ukisema "mgonjwa hakuridhika", msikilizaji huanza kumchunguza mgonjwa: ana nini huyu, anataka nini zaidi? Ukisema "huduma haikumridhisha mgonjwa", macho yanahamia kwenye huduma. Tofauti ni kiambishi kimoja tu, -ik- kwa -ish-, lakini kiambishi hicho ndicho kinachoamua nani asimame kizimbani. Na kwa mtu ambaye tayari anaitwa mgonjwa wa akili, ni rahisi mno lawama kumwangukia yeye: haridhiki kwa sababu anaumwa.

Je, lipo neno bora zaidi? Wapo wanaopendelea kutosheka. Lakini kutosheka huzungumzia kiasi: uji umetosha, blanketi zimetosha. Kunyamaziwa usiku kucha unapoita muuguzi hakupimwi kwa kutosha. Kukinai kuna nyuso mbili. Mtu aliyekinai huenda ametulia na alichonacho, na huenda chakula kimemchosha hata hataki kukiona. Wengine huandika "ridhaa ya mgonjwa" wakikusudia kuridhika kwake. Huko ni kuchanganya mambo mawili ambayo katika wodi ya akili yakichanganywa, mtu huumia. Kuridhika kunabaki kuwa neno linalofaa kwa jina la kipimo. Madai yangu ni kwamba linafaa kwa jina la kipimo, na halifai kwa swali la kitandani.

Wodi ya akili ina vitenzi vyake, na karibu vyote vimo katika kauli ya kutendwa. Mtu huletwa, hulazwa, hudungwa sindano, hufungiwa. Hata siku ya kwenda nyumbani, Kiswahili chetu hakisemi ametoka, kinasema ameruhusiwa. Aliyelazwa kwa malaria hulisikia neno hilo bila kushtuka, maana angetaka kuondoka jana angeondoka. Aliyelazwa kwa maradhi ya akili analisikia kwa masikio mengine, kwa sababu kwake mlango una ufunguo na ufunguo una mwenyewe. Akiulizwa na mwenye ufunguo kama ameridhika, atasema nini? Akilalamika, huenda lalamiko likaandikwa kwenye faili kuwa dalili.

Hapa ndipo ridhaa inapodai nafasi yake. Sheria za nchi zetu, mathalani Sheria ya Afya ya Akili ya Tanzania ya mwaka 2008, zinakubali kwamba kwa masharti fulani mtu anaweza kulazwa bila yeye kutaka. Kwa upande mwingine, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, katika kifungu cha 25 unawataka watumishi wa afya wawahudumie watu hao kwa ubora uleule wanaowapa wengine, na kwa ridhaa ya hiari iliyotanguliwa na maelezo. Kati ya sheria na mkataba kuna mvutano ambao makala ya istilahi haiwezi kuumaliza. Lakini lugha inatuonyesha mfuatano: ridhaa huja kabla ya tendo, kuridhika huja baada yake. Ukimwuliza kuridhika mtu ambaye hukumwomba ridhaa, na wala hukumweleza kwa nini hukumwomba, umeanzia mwisho.

Wapo waliojaribu kupima jambo hili kwa uangalifu. Mwaka 1979, huko San Francisco, Daniel Larsen na wenzake walichapisha dodoso la kuridhika lililotokana na kazi yao katika huduma za afya ya akili. Toleo lake fupi lina maswali manane, kila moja likiwa na majibu manne, hivyo alama huanzia 8 na kuishia 32. Linauliza kuhusu ubora wa huduma, kama mahitaji yalitimizwa, kama mtu angempendekezea rafiki yake huduma hiyo, na kama angerudi akihitaji tena msaada. Limetumika katika nchi nyingi. Hata hivyo hebu ulipeleke swali la rafiki mahali ambapo "Mirembe" au "Mathari" halitajwi kama jina la hospitali ya akili bali kama tusi la mtaani. Nani atampendekezea rafiki yake mahali ambapo jina lake hutumiwa kumdhihaki mtu? Anaweza kujibu hapana na bado akawa alitunzwa kwa upole mkubwa. Hapo unyanyapaa umejibu kwa niaba ya mgonjwa.

Dodoso hilo lilichagua kusema mteja badala ya mgonjwa, na hospitali zetu nazo zimebandika ukutani mikataba ya huduma kwa mteja. Nia ni njema: mteja ana haki ya kuhudumiwa, na neno lenyewe ni la zamani, maana hata mtu aliye chini ya tiba ya mganga huitwa mteja. Lakini mitaani "teja" ni mtu aliyezama kwenye dawa za kulevya, na wodi za akili huwapokea vijana hao pia. Kwao neno la heshima linaweza kusikika kama kejeli. "Mgonjwa" linatosha, au bora zaidi, jina lake.

Jambo linalowasumbua watafiti ni kwamba alama za kuridhika huwa juu mno, hata pale ambapo mazungumzo marefu na mgonjwa huyohuyo yanafichua machungu. Brian Williams na wenzake, nchini Uingereza, walizungumza kwa kina na watumiaji wa huduma za afya ya akili na mwaka 1998 wakatoa maelezo yao. Mtu hakimbilii kusema hakuridhika kwa sababu tu jambo baya limemkuta. Kwanza hujiuliza: hili lilikuwa wajibu wao? Na kama lilikuwa wajibu wao, walikuwa na sababu ya kushindwa? Akiona hawakuwa na wajibu, au walikuwa na udhuru, huwasamehe na kuweka alama ya juu. Nilipoyasoma hayo sikuhitaji mfano wa Uingereza. Nilisikia sauti za kwetu: "Wanajitahidi." "Wako wachache, watafanyaje?" Neno "wanajitahidi" ni huruma ya mgonjwa kwa wanaomhudumia, na ni huruma nzuri. Kosa ni la anayelichukua neno hilo na kulihesabu kuwa sifa ya huduma.

Kosa jingine ni kutomuuliza mgonjwa kabisa. Uchunguzi mkubwa wa kitaifa wa wagonjwa wa hospitali nchini Marekani, ujulikanao kwa kifupi kama HCAHPS, ambao matokeo yake yalianza kutangazwa kwa umma mwaka 2008, uliwaacha nje wale ambao sababu kuu ya kulazwa kwao ni maradhi ya akili. Kwetu mara nyingi hutokea kimyakimya: anaulizwa ndugu anayemuuguza. Na ndugu ana neno lake la kupimia, "ametulia". Kwa familia iliyokesha usiku kadhaa, utulivu ni baraka. Lakini mtu anaweza kutulia kwa kuwa amepata nafuu, na anaweza kutulia kwa kuwa dawa zimemlemea hata ulimi hauinuki. Kuridhika kwa ndugu ni kitu halali cha kupima, ila kiandikwe kwa jina lake.

Ni kweli kwamba ugonjwa unaweza kutia rangi hukumu ya mtu. Mwenye sonona huenda akaona giza hata palipo na mwanga. Jibu lake ni kumuuliza akiwa amepata nafuu, na kumuuliza tena baadaye. Lakini aliyefungwa kamba anajua alifungwa, na aliyeitwa kwa jina lake anajua aliitwa.

Kwa sababu hizo, wengi sasa wanataka mgonjwa asimulie kilichotokea kabla ya kutoa maksi. Fikra hiyo nayo imekuja na tafsiri ya haraka: "uzoefu wa mgonjwa". Mimi naikataa. Mzoefu kwetu ni aliyelizoea jambo. Dereva mzoefu, fundi mzoefu. Mgonjwa mzoefu ni aliyezoea kuugua. Tuseme "yaliyomkuta mgonjwa" au "aliyoyapitia mgonjwa". Ni maneno mengi kidogo, lakini yanasema ukweli, na hayaombi shukrani. Vivyo hivyo, kutoridhika kusifanywe sawa na malalamiko. Malalamiko ni tendo, linataka ujasiri na mahali pa kuyapeleka. Kutoridhika kunaweza kukaa moyoni miaka kumi bila kupiga kelele.

Kwa hiyo kwenye kichwa cha taarifa iandikwe: kuridhika kwa mgonjwa. Kwenye maelezo ya taarifa tuandike huduma ilimridhisha au haikumridhisha, ili sentensi imtazame anayewajibika. Lakini kitandani neno hilo liwekwe kando. Aulize mtu asiyeshika ufunguo wala sindano, na ikiwezekana aulize baada ya mgonjwa kuruhusiwa. Aulize hivi: Uliambiwa dawa hii ni ya nini? Ulipokataa, kuna aliyekusikiliza? Uliitwa kwa jina gani? Siri zako zilisemwa mbele ya nani? Ulijua utaondoka lini?

Mama yule yule, akiulizwa hayo mwezi mmoja baadaye, kibarazani kwake, pengine atasema: "Kuna binti mmoja aliniita kwa jina langu kila asubuhi. Lakini usiku ule wa kwanza walinifungia peke yangu, na hakuna aliyeniambia kwa nini." Jibu hilo haliingii kwenye asilimia. Linamtaka anayelisikia achague neno lingine katika ukoo uleule, na alitamke kwa dhati: "Tuwie radhi, mama."